Kamisheni ni ya Leo, Lawama ni za Kesho

Mwezi uliopita nilitembelewa na msichana mmoja niliyemfundisha katika shule ya msingi huku Kiambere, ambaye sasa anasomea ualimu chuoni. Baada ya kujuliana hali na kunywa chai, alitoa simu yake akanionyesha mambo matatu aliyoombwa ayatangaze kwa jamaa na marafiki, kwa ahadi kwamba kila atakayenunua kupitia kwake atamletea kamisheni. La kwanza lilikuwa vitabu vya marudio kwa watahiniwa, ambavyo vingempa shilingi 40 kwa kila nakala. La pili lilikuwa poda ya kunywa iliyodaiwa kuondoa kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya viungo, ambayo ingempa shilingi 900 kwa kila mkebe. La tatu halikuwa bidhaa hasa, bali mpango wa "uwekezaji" ambao mtu hujiunga kwa shilingi 3,000, na aliyemwingiza akapokea 1,000 papo hapo.

"Mwalimu," akaniuliza, "kati ya haya matatu, lipi linalipa zaidi?"

Hesabu ya swali lile ni nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la tatu. Hata hivyo nilinyamaza kwa muda. Mimi mwenyewe niliwahi kujiuliza swali lilo hilo miaka mingi iliyopita, nikalijibu kwa pupa, na jibu langu lanidai mpaka leo. Ndiyo sababu nimeonelea nilizungumze jambo hili hadharani, hasa kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wa vyuo, kwa kuwa sisi ndio tunaofuatwa sana na wenye bidhaa wanaotafuta midomo ya kuwasemea.

Nianze kwa kusema kwamba kuuza kwa kamisheni si dhambi wala si aibu. Dalali ni mtu wa kale katika biashara zetu, toka pwani hadi bara. Wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2007, huishi kwa kamisheni. Anayekukatia bima hali kadhalika. Taa na mitambo ya jua inayolipiwa kidogokidogo kwa simu, mathalan ile ya M-KOPA iliyoanza kuuzwa rasmi mwaka 2012, imewafikia watu wa vijijini kupitia mawakala waliotembea kwa miguu kutoka boma hadi boma. Bila watu wa namna hiyo, vitu vingi vyenye manufaa vingebaki Nairobi. Kwa hiyo swali si kama tuuze au tusiuze. Swali ni jinsi ya kuchagua kitu kinachostahili kusemewa na mtu mwenye heshima yake.

Sasa nieleze deni langu. Msomaji asiyeijua Kiambere na afahamu kwamba hapa pana bwawa kubwa katika Mto Tana, la mwisho kati ya mabwawa matano yaliyopangana kuanzia Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Mitambo ya Kiambere ilianza kuzalisha umeme mwaka 1988. Lakini kwa miaka mingi umeme huo ulipita juu ya paa zetu ukielekea kwingine, nasi watoto wetu walisoma kwa koroboi. Mwaka 2013 alikuja shuleni kwetu kijana mmoja nadhifu, mwenye sanduku la taa za jua. Kila taa ilikuwa shilingi 2,600, na mwalimu ambaye angeuza angepata 500. Nilikuwa nikifahamu taa nyingine zilizouzwa sokoni Kiritiri, ambazo wakala wake alipata shilingi 100 tu kwa kila moja. Niliona hii ni neema. Sikujiuliza kwa nini huyu anatoa mara tano ya mwenzake.

Niliiwasha taa moja ofisini usiku mmoja, ikawaka vizuri, nikaridhika. Katika mkutano wa wazazi nikasimama nikaisifu. Niliuza taa 23 kwa muda wa majuma matatu, nikapata shilingi 11,500, nikalipa karo ya mdogo wangu. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokwisha, taa 16 zilikuwa zimekufa. Nambari ya simu niliyopewa haikupatikana tena.

Nyanya mmoja, aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa darasa la nane, alinijia uwanjani akiwa ameifunga taa yake ndani ya leso. Aliniambia maneno manne tu: "Mwalimu, taa yako imekufa."

Hakusema taa ya kampuni. Jina la kampuni hakulijua na wala halikumhusu. Yeye alinunua kwa mwalimu, na taa ilikuwa ya mwalimu. Nikamrudishia zile shilingi 500 nilizokuwa nimezipata kwake. Akazihesabu, akaniangalia, akauliza, "Na hizo nyingine ziko na nani?" Sikuwa na jibu. Kuwarudishia wote 16 bei kamili kungenigharimu shilingi 41,600, nazo zilizidi mshahara wangu wa mwezi mzima. Nilirudisha kamisheni peke yake, kidogokidogo, kwa mihula miwili.

Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Mwaka uliofuata niliwasihi wazazi wale wale wanunue mbegu za ndengu zilizothibitishwa badala ya kupanda zile zilizotobolewa na dumuzi ghalani. Katika hilo sikuwa na senti moja ya kupata, na nililosema lilikuwa kweli tupu. Wachache sana walinisikiliza. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, watu wakacheka, "Na hizo mbegu zina betri?" Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuuza taa. Niliuza neno langu, tena kwa bei ya shilingi 500, na nilipolihitaji kwa jambo la haki nikalikosa.

Nimeitafakari kadhia hiyo kwa miaka mingi, na funzo nililolipata ni moja. Kamisheni hulipwa leo, lakini ushahidi wa ubora wa kitu huja kesho. Baina ya siku hizo mbili pana pengo, na hatari yote imejificha ndani ya pengo hilo. Kwa hiyo anayetaka kuchagua kitu cha kutangaza na apime kwanza upana wake.

Tutazame mifano. Ukimsifia jirani unga fulani wa ngano, ushahidi huja jioni ile ile chapati zikiwa mezani. Ukikosea, umekosea kwa mlo mmoja tu. Ukimsifia mbegu ya ndengu, ushahidi huja baada ya miezi miwili au mitatu, na ukikosea amepoteza msimu mzima, naye katika nchi kavu kama ya Mbeere huenda asipate mvua nyingine ya kutegemea upesi. Ukimsifia taa, ushahidi waweza kuchukua mwaka. Ukimsifia dawa ya kisukari, huenda ushahidi usije kamwe kwa namna ya kuonekana, maana mgonjwa akizidiwa watu husema siku zake zilikuwa zimefika. Kadiri pengo linavyopanuka, ndivyo muuzaji asiye mwaminifu anavyopata nafasi ya kula na kuondoka, na ndivyo wewe uliyekopesha jina lako unavyoachwa uwanjani na leso ya nyanya.

Hapa Kiambere tunao mfano wa pengo pana kupita yote, nao umesimama mbele ya macho yetu ukiwa na matawi na majani. Ni mti wa mukau. Huu ni mti wa asili wa nyika za Afrika Mashariki, ambao Wakamba na Wambeere wameutumia tangu jadi kwa milango na mizinga ya nyuki, kwa sababu mbao zake ni ngumu na mchwa hawaziwezi kwa urahisi. Mbegu yake ni kaidi. Imefungwa ndani ya kokwa ngumu, na kuiotesha ni kazi ya subira. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, imeufanyia mti huo uchunguzi wa miaka mingi kule Kitui ikishirikiana na Wajapani. Kutegemea udongo na mvua, mukau huhitaji kati ya miaka kumi na ishirini kabla ya kutoa mbao za kuuzika vyema.

Kampuni ya Better Globe Forestry ilipanda mashamba makubwa ya mukau katika ardhi ya Kiambere, na miti ya mpango huo ikauzwa kwa watu wa Ulaya ambao wengi wao hawajawahi kuikanyaga Kenya. Miongoni mwa waliowaunganisha wanunuzi hao na miti walikuwa mawakala waliolipwa kamisheni kwa kila mtu waliyemleta. Sisemi haya kwa kuilaumu kampuni hiyo. Miti ilipandwa, nasi tumeiona kwa macho, na vijana wa huku walipata vibarua vya kuchimba mashimo na kumwagilia maji. Nimeutaja mpango huu kwa kuwa unalionyesha wazi lile ninalolisema. Wakala aliyekaa Oslo au Stockholm alipokea haki yake mwaka ule ule aliouza. Mnunuzi wake alipaswa kungoja mpaka mtoto aliyezaliwa siku hiyo amalize shule ya upili. Katika kipindi hicho chote, ukame waweza kuja, mbuzi waweza kuvunja ua, bei ya mbao yaweza kupanda au kuporomoka, na hata kampuni yoyote yaweza kubadili mikono.

Je, wakala mwaminifu wa kitu cha namna hiyo afanye nini? Kwa maoni yangu, yampasa aje aione miti kwa macho yake, aulize ni mingapi ilikufa katika kila kiangazi, ajue ardhi ni ya nani na mkataba wake ni wa miaka mingapi, kisha amweleze mnunuzi mabaya kabla ya mazuri. Asiyeweza kufanya hivyo hana haki ya kusema lolote zaidi ya "nimesikia". Na anayesema "nimesikia" hastahili kulipwa kama anayesema "nimeona".

Kipimo cha pili ni kuuliza fedha za kamisheni zinatoka wapi. Kuna mahali pawili tu zinapoweza kutoka. Ama zinatoka kwa mtu aliyenunua kitu ili akitumie, ama zinatoka kwa mtu aliyeingia ili naye awaingize wengine. Ya kwanza ni biashara. Ya pili ni moto wa mabua, huwaka kwa kishindo na kuacha majivu.

Historia yetu ya karibuni ina ushahidi wa kutosha. Katika miaka ya 2006 na 2007 Wakenya waliingia kwa wingi katika mipango ya piramidi iliyoahidi kuzidisha fedha kwa majuma machache. Ilipoanguka, kikosi maalumu kilichoundwa na Serikali kilikadiria kwamba fedha zilizopotea zilizidi shilingi bilioni 8. Tusijidanganye kwamba waliowaingiza wengine wote walikuwa matapeli. Wengi walikuwa watu wa kawaida, waumini, majirani na walimu, waliopata malipo ya mwanzo wakayaona kuwa ni ushahidi, wakaenda kuwaita ndugu zao. Jirani zetu wa Tanzania nao walipata DECI, ambayo ilivunjwa mwaka 2009. Wanachama wa DECI walitumia maneno ya shambani: mtu "alipanda" fedha ili "avune". Lakini mbegu ya kweli hupata chakula chake ardhini. Ile ya DECI ilipata chakula chake mfukoni mwa aliyepanda baadaye.

Tena kulikuwa na kware. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, nchi nzima iliambiwa kwamba mayai ya kware yanaponya maradhi na kwamba kuku hana thamani tena. Kwa kuwa kware ni ndege wa porini, watu walipanga foleni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wakitafuta leseni za kumfuga. Waliotajirika kweli ni waliouza vifaranga na mayai ya kuzalisha kwa wafugaji wapya. Wafugaji walipokwisha kuwa wengi, ilibainika kwamba mlaji wa mwisho hakuwapo kwa idadi hiyo. Bei ikaanguka, vibanda vikabaki vitupu. Kware mwenyewe hakuwa na kosa. Yai lake ni chakula kizuri. Kosa lilikuwa kumwuzia mtu kitu si kwa sababu anakihitaji, ila kwa sababu naye anatumaini kumwuzia mwingine.

Kipimo cha tatu ni ukubwa wa kamisheni yenyewe. Watu wengi huuona ukubwa huo kama sifa ya bidhaa. Mimi naona ni dalili ya kuchunguzwa. Kitu kizuri chenye bei ya haki hujiuza nusu ya safari. Mwenyewe hana haja ya kumpa msemaji robo au theluthi ya bei. Panapo kamisheni nono, fedha hizo zimetoka mahali: ama bei imeongezwa, ama ubora umepunguzwa, na katika hali zote mbili mlipaji ni yule mnunuzi anayekuamini. Laiti ningalijua hilo mwaka 2013, zile shilingi 500 zingaliniogopesha badala ya kunifurahisha.

Kipimo cha nne kinatuhusu sisi walimu zaidi ya watu wengine wote. Je, unayemwuzia ana uhuru wa kukataa? Mwalimu anapowaambia wanafunzi wake wanunue kitabu fulani cha marudio, naye analipwa kwa kila nakala, mtoto hana uhuru huo. Anaogopa kuonekana mkaidi, na mzazi wake anaogopa zaidi. Tunakumbuka enzi ambapo shule zilijinunulia vitabu na minong'ono ya bahasha kutoka kwa wauzaji haikuisha. Kuanzia mwaka 2018 Serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na mojawapo ya sababu ilikuwa kuziba mianya ya namna hiyo. Bado kuna vitabu vya ziada, karatasi za mitihani ya majaribio, sare na hata maziwa ya unga. Ushauri wangu kwa mwalimu mwenzangu ni huu: kwa mwanafunzi unayemsahihishia daftari, usiuze kitu chochote chenye kamisheni, hata kiwe kizuri namna gani. Mpe jina la kitabu kilichoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, kisha mwache anunue atakako. Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma mwaka 2003, na mwaka 2025 ikaja Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Lakini hata pasingekuwa na sheria, dhamiri ingetosha.

Kipimo cha tano ni uwazi. Kabla hujamsifia mtu kitu, mwambie: "Ukinunua hiki, mimi napata shilingi kadhaa." Marekani, mamlaka ya biashara ilitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba anayelipwa kusifu bidhaa katika mtandao hana budi kulitaja jambo hilo. Sisi hatuhitaji kungoja mwongozo wa mtu. Jaribu kuitamka sentensi hiyo mbele ya mama yako. Ikikwama kooni, basi bidhaa hiyo haifai kutangazwa, wala huna haja ya kuichunguza zaidi.

Zaidi ya vipimo hivyo, vipo vyombo vya umma ambavyo tunavipuuza bure. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na habari anazohitaji ili afaidike nazo, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Bidhaa yapasa iwe na alama ya Shirika la Viwango, KEBS. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina kibandiko cha KEPHIS ambacho mkulima hukikwangua na kuutuma ule msimbo kwa nambari 1393 ili ajue kama mbegu ni halali. Dawa yapasa iwe imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Wakala ambaye hajafanya hata uchunguzi huu mdogo, unaomalizika kwa dakika chache, hana udhuru wa kusema alidanganywa. Mimi mwenyewe sina udhuru huo, kwa maana sikuitazama ile taa kama ina alama yoyote.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mahubiri ya mtu aliyeshiba. Wataniambia kwamba mwanafunzi wa chuo anaomba karo huku na huku, kwamba mwalimu wa mkataba hupokea ujira usiotosha nauli na kodi ya nyumba, na kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kupima mapengo. Hoja hiyo siidharau. Nililipa karo ya mdogo wangu kwa zile 11,500, na sikuwa nimeshiba. Hata hivyo nawajibu kwa hesabu. Mtu maskini ana mtaji mmoja tu usiohitaji dhamana ya benki, nao ni kuaminiwa na watu wanaomfahamu. Tajiri akiharibu jina mjini humu, atahamia mji mwingine na kufungua duka jipya. Mwalimu wa Kiambere hana pa kuhamia. Kesho atakutana na watu wale wale kisimani, kanisani na katika foleni ya kliniki. Kwa hiyo asiye na kitu ndiye anayepaswa kuchagua kwa uangalifu zaidi, si kwa sababu ni mwema kuliko wengine, bali kwa sababu hasara yake haifidiki.

Isitoshe, kuchagua vyema hakuzuii kupata. Baada ya aibu yangu, nilikaa miaka mitatu bila kumwuzia mtu kitu. Kisha nikaanza kusaidia fundi mmoja wa huku anayetengeneza majiko ya udongo na bati. Nilitumia jiko lake jikoni kwangu mwaka mzima, kiangazi na masika, kabla ya kulitaja kwa mtu. Ananipa shilingi 50 kwa kila jiko, nami huwaambia wanunuzi hivyo. Likipasuka, najua nyumba yake ilipo, naye anajua yangu. Sijatajirika. Lakini mwaka jana yule mzee aliyeuliza kuhusu betri alikuja kununua mawili.

Turudi kwa mwanafunzi wangu na simu yake. Nilimweleza hayo yote, naye akasikiliza kwa adabu, ingawa niliona macho yake yakirudi kwenye ile 900 ya poda. Nikamwomba afanye jambo moja. Nilimwuliza, "Nyanya yako ana kisukari, sivyo? Utampa poda hii aache dawa za hospitali?" Akashtuka, akasema la. "Basi nyanya ya mwenzako je?" Hakunijibu. Akafuta ile poda, kisha akafuta na ule mpango wa shilingi 3,000 bila ya mimi kuutaja.

Vilibaki vitabu. Nilimwambia avinunue kwanza kwa fedha zake, avisome, ajibu maswali yake, atafute makosa, ndipo aamue. Juma lililopita alinipigia simu. Amekuta majibu mawili yasiyo sahihi katika kitabu cha hisabati, amewaandikia wachapishaji, naye anangoja jibu kabla ya kumwambia mtu yeyote anunue. Kamisheni bado hajapata hata senti. Nilimwambia kwamba kwa mtu atakayesimama mbele ya darasa kwa miaka thelathini ijayo, ameanza vyema.

Ndugu msomaji, simu uliyonayo mkononi itakuletea kesho jambo la nne na la tano la kutangaza. Usiulize lipi linalipa zaidi. Uliza ni siku gani ubora wake utajulikana, na siku hiyo ikifika, mwenye kulalamika atamkuta nani uwanjani. Ikiwa ni wewe, basi hakikisha kitu hicho ungekisifu hata bila malipo. Mali hutafutwa ikapatikana. Jina likipotea, hutafutwa kwa miaka, na wakati mwingine mwenyewe huzikwa bila ya kulipata.